Hadithi za Watoto na Soko la Ng'ambo

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii husikika kila siku sokoni Kariakoo, na kwa bidhaa nyingi ina ukweli wake. Lakini iko bidhaa moja isiyojiuza hata iwe nzuri namna gani, nayo ni kipindi cha televisheni cha watoto. Kipindi kilichotungwa kwa lugha moja hakina miguu ya kuvukia mpaka. Sharti kitafutiwe sauti za lugha nyingine, kituo cha kukirusha, mkataba wa kulinda haki zake, na mtu wa kulipa gharama za yote hayo.

Katika makala haya nakusudia kuchunguza vipindi vya watoto vilivyotengenezwa Dar es Salaam vikavuka mipaka ya nchi, nikivilinganisha na vile vya Korea Kusini, taifa lililofanikiwa sana katika biashara hii. Sitazungumzia biashara peke yake. Yafaa tujiulize: kipindi chetu kinapokwenda ng'ambo, ni kitu gani cha utamaduni wetu kinachosafiri nacho, na ni kitu gani kinachoachwa bandarini?

Naitaja hoja yangu mapema ili msomaji aipime kila tunapokwenda. Naamini kwamba mtoto wa nchi nyingine hachoshwi na ugeni wa mahali wala wa majina. Kinachomchosha ni hadithi isiyo na kwao. Basi mtungaji anayezifuta alama za nyumbani kwake ili apate wanunuzi huenda akawakosa watazamaji wa nyumbani na wa ng'ambo pia.

Kinachouzwa ni nini?

Mtu anunuapo gunia la karafuu hulichukua likawa lake. Kituo cha televisheni kinunuapo kipindi hakichukui kipindi chenyewe. Hununua ruhusa ya kukirusha kwa muda uliotajwa, katika nchi zilizotajwa na kwa lugha zilizotajwa. Mwenye kipindi aweza kuiuza ruhusa kama hiyo kwa nchi nyingine kesho yake, na mali yake isipungue. Kwetu mambo haya yaliwekewa msingi na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA.

Ili kipindi kiweze kuuzwa hivyo, mtengenezaji mwenye busara huyatunza maneno ya wahusika mbali na muziki na milio mingine. Mnunuzi huyaondoa maneno, akatia ya lugha yake, na muziki ukabaki kama ulivyokuwa. Katuni zina nafasi bora zaidi katika kazi hii, kwa sababu mdomo wa pengwini au wa kiboko haudai ulinganifu mkali na maneno kama udaivyo mdomo wa mwigizaji. Aidha, vipindi vya watoto havichakai upesi. Kila baada ya miaka michache huja kundi jipya la watoto ambao kwao hadithi ya zamani ni mpya kabisa.

Njia ya Wakorea

Kwa miaka mingi wachoraji wa katuni wa Korea Kusini walikuwa mafundi wa kazi za watu wengine. Kampuni ya AKOM ya mjini Seoul, kwa mfano, ilianza kuchora mfululizo wa Kimarekani wa The Simpsons mwaka 1989. Mikono ilikuwa ya Wakorea, lakini hadithi na hakimiliki vilikuwa vya wengine.

Mwaka 2003 kituo cha elimu cha EBS kilianza kurusha Pororo, hadithi za pengwini mdogo mwenye miwani ya rubani, zilizobuniwa na kampuni ya Iconix pamoja na wenzake. Pororo alinunuliwa na TF1 ya Ufaransa, na baadaye akafika katika nchi zaidi ya 100. Hapana shaka kwamba kazi hiyo ilitengenezwa kwa ustadi. Lakini mhakiki ataona kwamba Pororo anaishi katika nchi ya theluji isiyo na jina. Hali chakula cha Korea kwa namna ya pekee, wala hapiti katika mtaa wowote wa Korea. Mtu aweza kusema kwamba hapo ndipo ilipo siri ya soko: futa mahali, nawe utauza kila mahali.

Mwaka 2010, hata hivyo, kampuni hiyo hiyo ya Iconix, kwa kushirikiana na EBS na Serikali ya Jiji la Seoul, ilitoa Tayo, hadithi za basi dogo. Hapa mambo ni kinyume. Mabasi ya jiji la Seoul yalipangiwa rangi mwaka 2004 kufuatana na njia zake: buluu, kijani, nyekundu na njano. Wahusika wa hadithi wana rangi hizo hizo. Tayo ni buluu, Rogi ni kijani, Gani ni mwekundu, Lani ni wa njano. Na jina lenyewe, Tayo, ni neno la kila siku la Kikorea lenye maana ya kupanda chombo cha safari. Watoto wa nchi nyingi wamelitamka bila kujua kwamba wanasema "panda". Mwaka 2014 jiji la Seoul lilipoyachora mabasi halisi nyuso za wahusika hao, watoto walijaa vituoni pamoja na wazazi wao kuyatazama. Kipindi hiki chenye mji wake, rangi zake na lugha yake kiliuzwa ng'ambo vilevile. Basi mahali hapakuwa kizuizi.

Jambo la pili la kujifunza kwa Wakorea ni kwamba hawakuiachia methali yetu ifanye kazi peke yake. Kituo cha umma kilirusha, serikali ya jiji ilishiriki, na tangu mwaka 2009 taifa lao limekuwa na wakala maalumu, KOCCA, wa kuwasaidia watungaji wa kazi za namna hii kutengeneza na kuuza nje. Kizuri hicho kilisukumwa na mikono mingi.

Bandari inayopokea

Turudi kwetu. Historia ya hadithi zetu kuvuka bahari ni ndefu kuliko umri wa televisheni. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja kwa wasimulizi wa huko. Hadithi zikasafiri, majina ya wengi waliozisimulia hayakupata umaarufu wa jina la mkusanyaji. Hilo lilikuwa somo la kwanza la hakimiliki katika fasihi yetu, ingawa wakati huo hakuna aliyeliita hivyo.

Baadaye redio ikawa mlezi. Waliokua wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana na sauti ya Debora Mwenda, ambaye hakuhitaji picha yoyote ili msikilizaji amwone fisi akinyemelea. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Bara ilichelewa hadi mwaka 1994. Kwa hiyo ilipofika, ilikuta vipindi vya nchi nyingine vimekwisha tengenezwa na kupangwa, vikingoja kurushwa. Tukawa bandari ya kupokea.

Mitaa ya Kariakoo ilionyesha upesi jinsi watu walivyokuwa na kiu ya kuzisikia hadithi hizo kwa lugha yao. Wasimulizi wa filamu, akiwamo Derek Gaspar Mukandala aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, walizitia filamu za kigeni masimulizi ya Kiswahili. Baada ya mikanda zikaja diski, na pamoja nazo tamthilia za Korea kama Jumong, iliyotolewa kwao mwaka 2006. Wasimulizi hawakutafsiri tu. Waliongeza utani, mafumbo na maelezo, mpaka mfalme wa kale wa Korea akasema kama mtu wa Msimbazi. Huo ni ubunifu, na mwanafunzi wa fasihi simulizi angefaa kuuchunguza. Lakini sehemu kubwa ya biashara hiyo ilifanyika bila idhini ya wenye kazi. Hatuwezi kuwadai wengine waheshimu hakimiliki zetu nje ilhali sisi tunazipuuza za wengine hapa nyumbani.

Njia halali ilionekana mwaka 2011, TBC iliporusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Wachina walielewa jambo ambalo wenyewe tulikuwa hatujalitumia: kwamba mlango wa nyumba zetu hufunguliwa kwa Kiswahili.

Ubongo Kids na Akili and Me

Mwaka 2013 kikundi cha vijana kilianzisha Dar es Salaam taasisi ya Ubongo, na mwezi Januari 2014 kipindi chao cha Ubongo Kids kikaanza kurushwa na TBC1. Kipindi hicho hufundisha hisabati na sayansi kwa katuni na nyimbo, na kilipoanza watoto waliweza kuyajibu maswali yake kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Mwaka 2016 kikafuata Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Mhusika wake, Akili, ni msichana wa miaka minne anayeishi na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro. Alalapo huingia katika nchi ya ndoto na kujifunza pamoja na kiboko, simba mdogo na komba. Vipindi hivi vimefika Kenya, Rwanda, Nigeria na nchi nyingine za Afrika, vikatiwa Kiingereza, Kifaransa, Kinyarwanda, Kihausa na lugha nyingine.

Sifa zake ni za kweli, na mhakiki mwadilifu huanza na sifa. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland ulionyesha kwamba watoto waliotazama Akili and Me waliendelea zaidi katika kuhesabu, kutambua nambari na kutambua maumbo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Msichana mdogo mweusi ndiye anayeuliza, anayekosea na anayegundua. Mnyama aitwaye komba, ambaye watoto wengi wa mjini hawajapata kumwona, amepata umaarufu. Haya si mambo madogo.

Wimbo wa kuhesabu

Mimi ni mtunzi wa mashairi, na sikio langu huenda kwanza kwenye nyimbo. Hapo naona nafasi ambayo bado haijatumiwa sawasawa.

Mwalimu awaambie wanafunzi wake wahesabu mizani ya nambari zetu: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa, ku-mi. Zote kumi zina mizani miwili miwili, na mkazo huangukia mwanzo wa kila moja. Lugha yetu imewapa watoto wimbo uliokwisha pangwa. Kiingereza si hivyo. Nambari zake kumi za kwanza zina silabi moja moja, isipokuwa ya saba. Tuni moja ikitumiwa kwa lugha hizi mbili, mojawapo itabanwa au itavutwa. Iwapo tuni ilikatwa kwa kipimo cha Kiingereza, Kiswahili kitakimbizwa, na mtoto atajifunza kuyameza maneno yake mwenyewe.

Sasa tukitazame Kihausa: daya, biyu, uku, hudu, biyar, shida, bakwai, takwas, tara, goma. Nazo zote zina silabi mbili mbili! Mwanafunzi atacheka kwamba sita ya Wahausa ni shida, lakini mtunzi ataona jambo kubwa zaidi. Wimbo wa kuhesabu uliotungwa kwa mizani ya Kiswahili waweza kuingia Kano bila kupitia London. Kinyarwanda chadai marekebisho, kwa kuwa rimwe na kane zina silabi mbili ilhali kabiri, gatatu na gatanu zina tatu. Hata hivyo mwendo wake uko karibu nasi, maana ni ndugu wa Kibantu. Kwa hiyo lugha ya kutungia, kama nia ni kuwafikia watoto wa Afrika, ni Kiswahili kwanza. Hili si suala la fahari tupu. Ni suala la ufundi.

Katika kusoma na kuandika tatizo ni gumu zaidi. Tuseme kipindi kinaonyesha ndizi ili kufundisha herufi N. Kwa Kiingereza ndizi hiyo yafaa kufundishia B, na kwa Kihausa, ambako ndizi ni ayaba, itafundisha A. Hapo kubadili sauti hakutoshi, kwani hata picha lazima ibadilike. Tena Kiswahili hakina Q wala X, na C haisimami pasipo H. Hesabu huvuka mpaka kwa urahisi, lakini herufi ni za nyumbani. Basi anayetaka kuuza vipindi vya kusoma hana budi kuvitengeneza upya kwa kila lugha, na anayevinunua hana budi kuuliza kama jambo hilo limefanyika.

Majina na mahali

Majina ya wahusika wetu yana maana. Mtoto wa Ilala asikiapo Kiduchu huona udogo, na asikiapo Akili hujua anaitiwa nini. Kwa mtoto wa Lagos majina hayo ni sauti tu, nasi tumeona kwa Tayo kwamba hilo halidhuru. Kasoro iko kwingine. Kipindi chetu cha kwanza kilikwenda hewani katika televisheni ya taifa kwa jina la Ubongo Kids, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza. Wakorea walilituma neno lao zima ng'ambo. Sisi tulilikata letu hapa hapa nyumbani kabla mnunuzi yeyote hajatuomba tulikate.

Na mahali je? Watoto wa Ubongo Kids wanaishi katika kijiji kiitwacho Kitongoji. Jina hilo ni nomino ya kawaida iliyoandikwa kwa herufi kubwa; ni sawa na kumwita mtu Mtu. Akili naye amewekwa chini ya mlima ambao mgeni aliujua kabla hajatujua sisi. Nawaelewa watungaji: kijiji kisicho cha wilaya yoyote chaweza kuwa cha kila mtoto wa Afrika. Lakini mfano wa Seoul watuonyesha njia nyingine. Mji wetu una vyombo na mahali ambavyo vingetosha kwa hadithi mia. Una kivuko cha Kigamboni na meli zinazopishana nacho langoni mwa bandari. Una mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, yakiwaleta watu hadi Gerezani. Una soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua mwezi Julai 2021. Hata jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa mji walilichukua neno la kigeni wakalifanya lao kabisa. Somo gani la hesabu lingekuwa bora kuliko chenji ya muuza nyanya, au uzito wa shehena inayoshushwa gatini?

Nani mnunuzi?

Limebaki swali la mwisho, ambalo naliona zito kuliko yote. Vituo vingi vya Afrika havina fedha za kuwalipa watengenezaji wa vipindi vya watoto kwa bei inayokidhi gharama. Ubongo ni taasisi isiyo ya kugawana faida, nayo imesaidiwa na wafadhili. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, ilivitoa vipindi vyake bure kwa vituo vya utangazaji barani. Tendo hilo lilistahili shukrani. Lakini fasihi inayolipiwa na mfadhili ina mnunuzi ambaye si mtazamaji. Mtazamaji akichoka hubadili kituo. Mfadhili akichoka hubadili mada. Mtungaji aliye kati ya hao wawili huweza kujikuta anamwandikia anayelipa.

Ziko pia kazi zinazochukua jina letu bila kuchukua mikono yetu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, aliuanzisha mjini Dar es Salaam mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake. Mwaka 2010 kituo cha watoto cha BBC kilianza kurusha Tinga Tinga Tales, katuni za kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, zilizochorwa Nairobi kwa kufuata mtindo huo. Wachoraji wa Afrika Mashariki walipata kazi na ujuzi, na wanyama wetu walipata watazamaji wengi. Hata hivyo walifanana na wale Wakorea wa mwaka 1989: mikono yao, na mradi wa wengine. Wakorea walitoka hapo baada ya kumiliki hadithi zao wenyewe.

Hitimisho

Kiswahili kina soko ambalo hatujalihudumia. Mwezi Agosti 2019, jumuiya ya SADC ilikifanya lugha yake rasmi katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam. Mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Mtoto wa Mombasa, wa Bujumbura au wa Goma aweza kukitazama kipindi chetu kama kilivyo, bila gharama ya kutiwa sauti nyingine. Hao ndio wawe wanunuzi wetu wa kwanza wa nje, kabla ya kuwatafuta walio mbali.

Kwa watengenezaji nashauri mambo matatu: watunzi wa mashairi waitwe tangu siku ya kwanza ya kutunga nyimbo, mahali pa hadithi papewe jina lake halisi, na kila mkataba utaje lugha, nchi na muda. Kwa serikali nashauri kwamba televisheni ya umma iagize na kulipia vipindi vya watoto kama inavyolipia habari na michezo.

Na kwa walimu, kazi ni nyepesi zaidi na yaweza kuanza kesho. Wape wanafunzi wako ukurasa mmoja kila mmoja. Mtoto mmoja amepotea Gerezani saa kumi na mbili jioni, ana shilingi mia tano mfukoni, na nyumbani kwao ni ng'ambo ya maji, Kigamboni. Waandike atakavyofika, anayekutana naye, na maneno watakayosemezana. Kisha wahesabu nauli.